Peremende Mfukoni mwa Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo moja, nalo tunalijua mimi na karatasi hizi tu. Sisomi tena. Si kwamba nimekataa, macho yamekataa. Sukari imeyala kama mchwa alavyo kitabu: jalada zima, ndani hamna kitu. Watu nawaona kama vivuli. Mlango nauona. Herufi, mpaka ziwe kubwa kama kiganja. Ndiyo maana naandika kwa kalamu ya wino mzito, nyuma ya kalenda za zamani, maneno machache kila mstari. Mke wangu anadhani nachora.

Kaburi limeshaanza kupiga hodi. Nikifa, watoto wasome ukweli. Nikiwa hai, marufuku. Mimi niliyekuwa mkaguzi wa shule, niliyewarudishia walimu kazi zao kwa kukosa nukta, nianze kusomewa na mke wangu? Thubutu!

Sindano zangu mbili zinaitwa kalamu. Kalamu gani isiyoandika? Moja ina insulini ya polepole, dozi kubwa, kila asubuhi niamkapo. Nyingine ya haraka, dozi ndogo, chakula kikiwa mezani. Zinafanana kama mapacha. Wanasema rangi zake ni tofauti. Rangi! Sista wa kliniki alinionya: "Mzee, ukizibadilisha hizi, unaweza kuanguka usiamke." Basi nimetumia akili. Kimpira cha kufungia mifuko nimekivisha ile ya polepole. Dozi nahesabu kwa mlio wa kalamu ninapoizungusha. Hakuna anayejua. Elimu haiozi.

Jumanne, 4 Machi

Darasa la sukari, kliniki. Sista kagawa kijitabu kipya, kila mtu na nakala yake, kisha akauliza nani atatusomea. Wote wakanigeukia. Mzee Mkaguzi! Ningefanyaje? Nikasimama. Nikasafisha koo. Nikakishika mbali kidogo, kama wasomi wanavyofanya, nikasoma.

Yaani nikatunga. Na nilitunga, jamani! Usafi wa miguu. Subira. Kuamka mapema. Ubaya wa utoro. Walinisikiliza kwa heshima. Nilisikia watu wakifunua kurasa mbele, wakirudi nyuma, wakifunua tena. Bila shaka walikuwa wanarudia uhondo.

Kisha Fundi akafungua mdomo. Huyu ni fundi cherehani mstaafu, ulimi mrefu kuliko futi yake ya kupimia. Akauliza eti Mkaguzi hakuruka ukurasa? Wakacheka. Nikamjibu kuwa msomi husoma kiini, maganda huwaachia wengine. Sista akasema Jumanne ijayo tutachagua msomaji wa kudumu. Fundi akatangaza kwamba atagombea. Yeye! Shule aliiona kupitia dirishani! Lakini hutunga uzi kwenye sindano bila miwani, tena hufanya hivyo mbele za watu. Majivuno matupu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempata!

Tulikaa benchi moja kusubiri kupimwa. Alipojigeuza, mfukoni mwake: chakara, chakara. Sikio langu halijazeeka. Nikajifanya nimeteleza, nikamshika koti, nikapapasa. Peremende! Mgonjwa wa sukari anatembea na peremende! Ni kama mlinzi kukutwa na funguo za mwizi. Akaniuliza kama ninataka moja. Bila haya!

Mpango ni huu. Jumanne, kabla ya kura, nitasimama na kumtaka ageuze mifuko yake mbele ya darasa. Atafukuzwa. Msomaji nitakuwa mimi.

Nilimweleza mke wangu. Akauliza kama kile kijitabu nimekisoma chote. Nikamwambia nimekisoma na kukirudia. Akasema, sawa. Hiyo "sawa" yake, ingekuwa insha, ningeirudisha ikaandikwe upya.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kabati. Kabati limekubali kila hoja.

Mchana mkamwana wangu alikuja kutusalimia, na usafi wake. Hawezi kuketi. Akapangusa meza yangu, akapanga dawa zangu. Akaniambia, Baba, kile kimpira kilidondoka, nimekirudisha. Nikapapasa: kipo. Nikamshukuru kwa shingo upande. Kitu kirudi kilikotoka, ndiyo adabu.

Jumanne, 11 Machi

Naandika kitandani, kwa hasira.

Asubuhi nilijidunga ile yenye kimpira kama kawaida. Chai sikunywa, mkate sikugusa. Hotuba hutaka tumbo jepesi. Kliniki nikasimama, nikaanza: ndugu wagonjwa, kikulacho ki nguoni mwako! Nikamnyooshea Fundi kidole. Kidole kikatetemeka. Jasho likanitoka mpaka mgongoni. Nikadhani ni ghadhabu ya haki. Wanasema hapo nilimwita Sista mwanafunzi mtoro na kuamuru ubao ufutwe. Hakuna ubao pale. Kisha magoti yakaniacha, nikajikuta nimeketi sakafuni.

Na nikasikia: chakara, chakara. Si mfuko mmoja. Benchi zima! Kila mgonjwa anafungua peremende yake kuniletea. Kule kwenye viti vya wasindikizaji, mkoba wa mke wangu nao: chakara! Fundi alifika kwanza. Akanitia moja mdomoni, akasema, "Inyonye kwanza, Mkaguzi. Utanishtaki ukimaliza."

Ilikuwa ya limau. Sipendi limau.

Nilipotulia, Sista alieleza kuwa anayejidunga insulini sharti atembee na kitu kitamu, maana sukari huweza kushuka ghafla na kumwangusha. Akasema hayo yamo kwenye kijitabu. "Ukurasa ule uliouruka, Mzee wangu."

Kumbe wote walijua! Wiki nzima wanajua nimeruka ukurasa wa peremende, na hakuna hata mmoja aliyenisahihisha. Wanaita heshima. Mimi naita hujuma.

Sista alizikagua kalamu zangu, akakikuta kimpira kwenye ile ya haraka. Dozi yote kubwa nilikuwa nimejidunga humo. Akakivua, akanionyesha ipi ni ipi, akaniuliza taratibu kama ninaona vizuri. Nikamjibu ninaona kuliko yeye. Akataka kuizungushia plasta ile ya polepole. Nikamuuliza kama ananiona mtoto wa chekechea. Akanitajia daktari wa macho. Nikamwambia nina shughuli. Fundi kachaguliwa. Halafu akapendekeza mimi niwe naibu wake! Tusi lililofungwa kwa utepe.

Njiani mke wangu alinishika mkono. Akasema, "Mume wangu, kama huoni, niambie mimi tu. Sitamwambia mtu."

Nikacheka. Nikamwambia ninaona kila kitu, hata kitambaa chake cha kijani cha kichwani kimempendeza leo. Tulipofika nyumbani mkono wangu ulimgusa kichwani kwa bahati mbaya. Hakuwa amejifunga kitambaa.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi mke wangu mwenyewe alinipa mkononi ile ya polepole, akasimama kunitazama mpaka nikamaliza. Kama mlezi! Mpaka lini? Kesho alfajiri anasafiri kwa dada yake mgonjwa, na amekuwa akisitasita kwa ajili yangu. Nimeamua kummalizia wasiwasi.

Alipokwenda kuoga, nikaiweka mezani ile ya polepole aliyoniachia mkononi, upande wa kulia, ya haraka kushoto. Nikaenda jikoni, nikavua kimpira kwenye mfuko wa chumvi, nikarudi, nikaketi, nikaichukua ya kulia, nikakivisha. Kazi safi. Alipotoka nikamwonyesha kwa mbali: kimpira kimerudi, safiri salama. Akauliza, "Una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Akaanza kufunga mizigo, huku akiimba. Siku nyingi sijamsikia akiimba.

Peremende ameniwekea kwenye bakuli. Nimezirudisha mkobani mwake. Sitaonekana na bidhaa za Fundi. Nimeanza pia kutunga rufaa dhidi ya uchaguzi ule, kwa sababu mgombea mmoja alikuwa sakafuni wakati wa kura.

Nilipokuwa kwenye aya ya pili ndipo nilipogundua nimeketi dirishani. Niliporudi kutoka jikoni nilikaa upande huu wa meza. Wakati ninazipanga nilikuwa upande wa mlangoni, ambako kulia ndiko kushoto kwa huku. Au nilikuwa huku huku?

Nimwite? Aache kuimba, afungue mizigo, anitazame kwa ile huruma yake? Miaka nenda miaka rudi niliandika kwenye mbao za shule: kuuliza si ujinga. Niliwaandikia watoto.

Basi nauandika ukweli hapa, kwa herufi kubwa, maana kesho asubuhi nitajidunga peke yangu: kimpira nilikivisha mwenyewe, na sijui nimekivisha ipi.