Jinsi Jina la Mulrennick Lilivyotawanyika Duniani

Serikali inayo furaha kuutangazia ulimwengu kwamba jina la Mulrennick sasa lina asili. Hapo awali lilikuwa likitumika bila asili yoyote iliyoidhinishwa. Watu walizaliwa nalo, wakaoa nalo, wakazikwa nalo, kiholela tu, na hakuna ofisi hata moja nchini Ayalandi iliyojua lilikotoka. Hali hiyo haikuvumilika. Ndipo ikaundwa Ofisi ya Asili na Mtawanyiko wa Majina ya Ukoo, na mimi, Proinsias Tuohy, nikateuliwa kuwa Mkurugenzi Msaidizi. Mkurugenzi mwenyewe hajateuliwa hadi leo, kwa hiyo lawama zote hunifikia mimi, na pongezi zinamsubiri yeye.

Tulianza na Mulrennick kwa sababu za kitaalamu kabisa. Waziri wetu anaitwa Fintan Mulrennick.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kisayansi, asikudanganye mtu. Tulitundika ramani ya dunia ukutani, na kila Mulrennick aliye hai tukamchomekea pini. Boston pini zilijaa hadi mji wenyewe haukuonekana. Liverpool nyingi, Melbourne nyingi, na moja ya upweke kule Buenos Aires, ya bwana fulani asiyejibu barua. Kisha tukakokotoa kitovu cha pini zote, maana kitu kilichotawanyika lazima kimetawanyika kutoka katikati. Kitovu kikaangukia baharini, ndani kabisa ya Atlantiki. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikaona kwamba binadamu hawezi kuwa ametokea huko, na kwa kauli moja ikakisogeza kitovu hadi nchi kavu iliyo karibu, yenye kupitika kwa basi la watalii. Nchi kavu hiyo ilikuwa shamba la Bi Attracta Mulrennick, parokia ya Kilcorran.

Anayeijua Kilcorran anajua kwamba nchi kavu si neno la kulitumia ovyo. Parokia nzima ni tope jeusi. Shamba la Attracta ndilo pekee ambapo ng'ombe anaweza kusimama wakati wa baridi bila kuzama hadi magotini. Waziri alilipenda papo hapo. Angejenga hapo Kituo cha Asili, duka la vikombe, na maegesho ya mabasi, na yeye mwenyewe angesimikwa hapo kuwa Mkuu wa Jina, avae joho. Aliandika Agizo kwa mkono wake. Lilisema hivi: ardhi yoyote itakayothibitishwa na wenyeji kuwa ndipo jina lilipoanzia safari yake kwenda ulimwenguni, itatwaliwa na serikali, na hakuna rufaa.

Nilitumwa kumpelekea mama huyo habari njema. Nilikataa chai kwanza, kama adabu inavyotaka, akasisitiza, nikakataa tena, akanisukumia kiti, nikanywa. Ilikuwa nyeusi kama lami, na mkate wa soda, ule usiotiwa hamira, ulikuwa bado wa moto.

"Kwa hiyo shamba langu limekuwa kitovu," akasema.

"Ni heshima kubwa, Bi Attracta."

"Heshima inaliwa na ng'ombe?"

"Utapewa cheti."

"Ng'ombe wangu niwalaze kwenye cheti? Sikia, bwana Tuohy. Shamba lingine sina. Huko kwingine kote ni matope matupu, unajionea mwenyewe. Mkinichukulia hili, ng'ombe nauza. Na nikishawauza nitakaa hapa dirishani nikitazama nini? Mabasi?"

Nikaandika kwamba mhusika amepokea habari kwa utulivu. Kusema kweli nilimwonea huruma, tena sana, ila huruma haina fungu katika bajeti yetu.

Wakati huo akaingia Peadar Duignan, mwenye baa. Huyu pia ndiye mzishi wa parokia. Anakumiminia bia miaka yote, na siku ikifika anakupima jeneza, bila kubadilisha hata aproni. Akasikiliza mambo yalivyo, akavua kofia.

"Attracta, si useme tu," akasema. "Lile jina lao. Ukilisema yanaisha."

"Nyamaza, Peadar!"

"Jina gani?" nikauliza.

"Hakuna jina, bwana," akajibu mama. "Naona mvua inataka kunyesha."

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.

Hapa sina budi kueleza, kwa faida ya wakuu wa idara wasiowahi kutoka nje ya mji. Kilcorran, mtu akiita "Mulrennick!" barabarani, wanageuka padri, tarishi wa posta, polisi na yule anayefukuzwa na polisi. Kwa hiyo kila tawi la ukoo lina jina lake la pembeni. Kuna Mulrennick wa Kisimani, ambao ndio akina Attracta. Kuna Mulrennick Wekundu, kuna Mulrennick wa Bata. Majina hayo yanajulikana na kila mtu isipokuwa wenyewe, kwa kuwa kumtajia mtu jina la tawi lake usoni ni utovu wa adabu usiosameheka. Unaweza kusali benchi moja na majirani zako maisha yako yote ukafa hujui wanakuitaje. Waziri alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, na huko akajiamulia kwamba wao ni Mulrennick Wakuu. Alilitangaza hilo kwenye kila mkutano wa kampeni. Watu walimpigia makofi huku wakitazama viatu vyao.

Siku ya Usikilizaji, ambapo wenyeji walitakiwa kuthibitisha kitovu, ilikuwa Jumapili, baada ya misa, kwenye ukumbi wa parokia. Waziri alikuwa amewaalika Mulrennick kutoka ng'ambo washuhudie kusimikwa kwake, na walikuja basi zima, wamevaa makoti ya kijani ambayo hapa kwetu hayavaliwi na mtu yeyote. Mbele kabisa alikaa Bi Loretta Mulrennick wa Boston, ambaye alikuwa ameanza kulia hata kabla ya ufunguzi. Palikuwa na sandwichi za nyama ya nguruwe zilizokatwa pembetatu. Waziri aliketi jukwaani ndani ya joho lililobuniwa na kamati ndogo, jasho likimtiririka.

Nikasoma Agizo. Nikauliza kama kuna mwenyeji mwenye pingamizi.

Attracta akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. "Mimi hapa. Naomba mniachie shamba langu."

"Una ushahidi gani kwamba jina halikuanzia hapo?" akauliza Waziri.

Nyuma ukumbini watu wakaanza kunong'ona. "Sema, Attracta." "Sema, mama, utalala nje wewe." Peadar akakohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa cha mafua.

"Siwezi," akawaambia, akiwageukia. "Siku namzika mama yangu, mama yake Fintan alisimama nami kaburini kwenye mvua mpaka mwisho. Sasa nimuumbue mwanawe mbele ya wageni? Kwa ajili ya nyasi? Siwezi, jamani."

Mimi nilidhani anazungumza mambo ya mazishi tu. Waziri naye alidhani ameshinda.

"Safi," akasema. "Pingamizi limeanguka. Na kwa vile wewe ndiye mwenyeji mkubwa kwa umri humu ndani, wewe ndiwe utakayetangaza tawi langu. Agizo linataka hivyo. Tangaza, wageni wasikie."

"Waziri, usinifanyie hivyo."

"Nakuamuru."

"Fintan, mwanangu. Nakuomba, tuyaache haya. Chukua shamba."

Naapa alisema hivyo. Chukua shamba. Mtu mwenye akili angechukua na kwenda zake, lakini mtu mwenye akili haombi kuvishwa joho.

"Kwa sauti!" akanguruma Waziri.

Attracta akafumba macho. "Nisamehe sana. Nyinyi ni Mulrennick wa Mtaimbo."

Ukumbi mzima ukatazama sakafu. Bi Loretta akaacha kulia, sandwichi mkononi.

"Mtaimbo gani?" akauliza Waziri.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Mwenyewe akishauliza, kumnyima jibu ndiko kunakuwa utovu wa adabu, na watu wa Kilcorran ni watu wa adabu sana. Wakamsaidia wote kwa pamoja, kwa upole, kana kwamba wanamwelekeza mgeni aliyepotea njia.

"Babu wa babu yako, Mheshimiwa," akaanza Peadar, "alikuja kutoka kaunti nyingine. Siitaji, isije ikaona haya. Kazi yake ilikuwa kubomoa nyumba za wapangaji walioshindwa kodi. Mwenye ardhi anatoa amri, yeye anakuja na mtaimbo."

"Alikuwa hodari lakini," akasema bibi mmoja nyuma.

"Hodari sana, Mungu amrehemu."

"Akaibomoa nyumba ya Mulrennick wenyewe, wale wa zamani, watoto wakiwa mezani wanakula viazi."

"Wakubwa wakapanda meli ya Boston. Waliokosa nauli wakaishia Liverpool."

"Yeye akapewa shamba lao, na mkokoteni."

"Na jina je?" akauliza Bi Loretta.

"Jina lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa mkokoteni, mama," akajibu Peadar. "Siku zile mkokoteni usio na jina la mwenyewe ulikuwa unakamatwa na polisi. Naye hakutaka kuhangaika na rangi."

Waziri alikuwa amekuwa mweupe, na kwa Mwayalandi kazi hiyo si kubwa, ila yeye alizidi. "Sasa jina letu la kweli ni lipi?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia ofisini.

Watu wakatazamana.

"Hakuna anayelikumbuka, Mheshimiwa," akasema Peadar. "Hakuna aliyemuuliza."

Bi Loretta akasimama. Alikuwa mwanamke mrefu, na koti la kijani halikumfanya achekeshe tena. "Nyumba hiyo," akasema. "Watoto walipokuwa wanakula viazi. Ilikuwa wapi?"

Ukumbi mzima uligeuza shingo kuelekea dirishani. Huko mlimani ilionekana nyumba ya Waziri, nguzo nyeupe, na bustani yake ya nyasi iliyokatwa vizuri kuliko nywele za mtu yeyote humo ndani.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nina wajibu. Ripoti yetu ya awali ilitaja chanzo cha mtawanyiko wa Mulrennick kuwa "ari ya kusafiri". Nikatoa kalamu, nikaifuta ari, nikaandika mtaimbo. Kisha nikasimama.

"Kwa mujibu wa Agizo," nikasema, "wenyeji wamethibitisha mahali jina lilipoanzia safari yake kwenda ulimwenguni. Kitovu kinahamishwa kwenda kwenye bustani ya Mheshimiwa Waziri."

"Tuohy, kaa chini!"

"Nimesimama kwa niaba yako, Mheshimiwa. Agizo ni lako."

"Nakata rufaa!"

"Rufaa hakuna, Mheshimiwa. Uliifuta mwenyewe, ili Bi Attracta asitusumbue."

Sikusema hayo kwa ubaya. Nilikuwa natekeleza kazi, na kama kuna mtu alicheka ukumbini, na walicheka wengi mpaka padri akashika ukuta, ofisi yangu haihusiki. Ukimwacha Waziri, mwenyeji pekee ambaye hakucheka ni Attracta. Alikuwa amekaa, amejiziba uso kwa mikono miwili, analia kwa aibu. Bi Loretta akaenda akakaa kando yake, wakashikana mikono.

Waziri alijaribu kulifuta Agizo wiki hiyo hiyo. Ikabainika kwamba kulifuta kunahitaji ushauri wa kitaalamu wa Mkurugenzi wa Ofisi yangu, ambaye, kama nilivyokwisha kueleza, hayupo. Msaidizi hana mamlaka hayo. Nililisikitikia jambo hilo kwa maandishi. Trekta zikapanda mlimani, nyasi zikang'olewa, kokoto zikamwagwa hadi mlangoni kwake. Ng'ombe wa Attracta walipitisha majira yote ya baridi miguu mikavu.

Kituo kilifunguliwa mwanzoni mwa kiangazi. Nilikwenda kukagua, kwa kofia yangu rasmi. Basi la kwanza lilikuwa limeegeshwa chini ya dirisha la chumba cha kulala cha Waziri, na Mulrennick wa Melbourne walikuwa wakishuka, wengine wakipiga picha, wengine wakipiga magoti kuokota kokoto za ukumbusho ambazo tulizinunua kaunti jirani. Waziri alikuwa amesimama getini, amevaa sweta kuukuu, anajaribu kupita kwenda kwake bila kuonekana. Bibi mmoja mzee akamshika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Samahani, baba. Nimesafiri kutoka mbali sana. Na wewe ni Mulrennick?"

Akatazama nyumba yake. Akatazama kokoto. Akaniona mimi, na kalamu yangu.

"Hapana, mama," akasema Waziri. "Mimi natunza geti tu."

Nikaiandika kauli hiyo jinsi ilivyo. Katika uchunguzi wetu wote, ndiyo pekee ambayo Waziri aliitoa bila kulazimisha mtu aipigie makofi.