Bi Risiti na Kopo la Sukari

Jumatatu, 2 Machi

Pensheni zimeingia, yangu na ya mdogo wangu. Kuanzia leo fedha zote za nyumba hii zitapita mikononi mwangu. Nimemwambia akiwa anamenya viazi. Sikuzunguka. Nilimkumbusha kwamba mwezi uliopita pesa zilitukatikia wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi, tukala mkate mkavu, na mwanawe akapata habari. Akasema, "Sawa, dada," akaendelea na viazi vyake. Hiyo "sawa, dada" naijua tangu tukiwa watoto. Maana yake ni hapana.

Hilo la mwanawe ndilo linaloninyima raha. Alipiga simu. Alisema, kwa heshima zote, kwamba mama yake ahamie kwake, nyumba hii ipangishwe, na kuhusu mimi, mama mkubwa, "tutaangalia utaratibu." Nimefanya kazi ofisini maisha yangu yote. Najua mtu anayeangaliwa utaratibu huishia wapi. Sina mume, sina mtoto. Nina mdogo wangu anayekohoa chumba cha pili, basi. Mwezi huu pesa zisipofika mwisho, atachukuliwa.

Kwa hiyo nabana matumizi. Si uchoyo. Ni ulinzi.

Nimefungua daftari jipya. Safu tano: chakula, umeme na maji, sabuni, dawa, mengineyo. Nimepitia risiti za mwezi uliopita. Wazee wawili tumekunywa sukari ya shule ya bweni. Hapa kuna mkono wa mtu.

Jumanne, 3 Machi

Mtego. Nilichora mstari wa kalamu ubavuni mwa kopo la sukari, nikaenda zangu sokoni. Kurudi, sukari imeshuka kidole kizima.

Nimemhoji. Hakukana. Alisema msoma mita alipita, jua lilikuwa kali, akampa chai. Halafu fundi cherehani akaja kuazima mkasi, akampa chai. Halafu akaja binti wa jirani, aliyejifungua juzijuzi, kuuliza habari za kitovu cha mtoto. Huyo alipewa chai na mayai mawili. Mayai mawili, kwa kitovu ambacho si chetu.

Lazima niwe mkweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: mdogo wangu alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa huu ameipokea kwa mikono yake. Wote wanamwita Nesi, nami nimezoea hivyo hivyo. Mimi nilikuwa keshia wa ofisi ya maji. Mimi wananiita Bi Risiti. Wanadhani sijui.

Alhamisi, 5 Machi

Nimehamishia sukari kabatini kwangu, chini ya nguo za kutokea. Kabati limefungwa, ufunguo shingoni. Nesi alipouliza, nikamwambia sukari si nzuri kwa umri wetu. Akasema sawa, dada.

Jioni kulikuwa na mkutano wa chama cha wastaafu. Mimi ndiye mweka hazina. Nilivaa gauni la kijani, nikasimama kuzungumzia namna ya kuishi kwa pensheni bila kuaibika. Nilianza vizuri. Nilikuwa nimefika kwenye faida za kupima unga kabla ya kupika nilipohisi kitu kikitembea mgongoni. Kisha vitu. Kisha ukoo mzima. Nilijikaza, nikaendelea na unga. Walipofika shingoni nikaanza kuruka.

Sisimizi. Walitoka kwenye kola mmoja mmoja kama watu wanaoshuka kwenye basi, mbele ya wanachama wote.

Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hakosi nafasi ya kujigamba kwamba kwake wanatumia nusu ya tunachotumia sisi, aliniuliza kwa upole mwingi kama ningependa kuketi, maana inaonekana nina utamu uliozidi. Watu walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi.

Nyumbani, Nesi alinipaka dawa mgongoni. Hakuuliza. Alikung'uta gauni langu uani, akarudisha kopo jikoni, na kunipikia chai ya tangawizi. Ilikuwa na sukari ya kutosha. Mtu mwingine angecheka.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeliona kosa langu. Nilikuwa nailinda sukari wakati kinachopaswa kulindwa ni geti. Bila wageni, sukari itajilinda.

Kuanzia saa tisa nilitoa kiti, nikakaa getini na kitambaa cha kudarizi. Aliyefika nilimwambia Nesi amelala, hajisikii vizuri. Nilimrudisha fundi cherehani. Nilimrudisha binti wa jirani na mtoto wake. Nilimrudisha fundi bomba, kijana mpana mwenye begi la vyuma, aliyeniamkia na kusema alikuja kumjulia hali tu. Nikamjibu kwamba hali amelala nayo. Akasimama kidogo, akapiga jicho upande wa jikoni, akaniaga.

Sukari iliyotumika: vijiko vinne, vyote vyetu. Daftari halijawahi kupendeza hivi.

Jioni Nesi aliuliza kama kuna msiba mtaani, maana hakuna aliyepita. Nikasema labda watu wana shughuli zao. Hakumaliza chakula. Nimekiweka kwa ajili ya kesho, kwa hiyo hapo pia tumeokoa.

Jumapili, 8 Machi

Bomba la jikoni linadondosha. Nesi alitaka nimwite fundi. Nikamwambia mtu aliyestaafu kutoka ofisi ya maji hashindwi na bomba. Akanikumbusha kwamba nilikuwa nikikata risiti. Nikamwambia nilikuwa nakata risiti huku nikisikia mengi.

Nilikata kipande cha ndala kuukuu, nikakifanya ringi, nikakaza kwa koleo, nikafunga kamba juu yake. Halidondoshi tena. Gharama: ndala moja, ambayo ya pili yake ilishapotea. Nilimwita Nesi aje aone. Akaliangalia kwa muda mrefu, kama anavyoangalia mtoto aliyekaa vibaya tumboni.

Jumatatu, 9 Machi

Naandika nikiwa nimelala chali, mguu juu ya mito miwili.

Alfajiri tulisikia mlio. Nilikimbilia jikoni nikakuta maji yanatoka ukutani, si kwenye bomba, ukutani, mkondo mnene kama mkono. Unga ulikuwa unaelea. Maharage yalikuwa yanatoka mlangoni yenyewe. Niliweka kiganja kwenye tundu kama mtu anayemziba mtoto mdomo. Maji yakanitupa. Nilianguka, mguu ukajikunja chini yangu, na nikabaki nimekaa ndani ya maji nikilia kama mtoto, si kwa maumivu. Nilikuwa nimeuona mwezi mzima ukitoka mlangoni pamoja na maharage. Nilimwona mwanawe amesimama na masanduku.

Nesi alisimama kwenye ukuta wa uani, akaita. Mara moja tu, wala si kwa nguvu.

Wakaja. Msoma mita alifika na shati mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye koki kuu nje ya geti, nami sikuwa hata najua ilipo. Fundi cherehani na mkewe waliokoa kilichokuwa kikavu. Binti wa jirani alimfunga mtoto mgongoni, akashika ufagio na kusukuma maji nje. Fundi bomba alikuja na begi lake. Alichomoa ringi yangu ya ndala, akaiangalia, na kuiweka mfukoni taratibu kama mtu anayeficha aibu ya mzazi.

Aliponiona chini alininyanyua mzimamzima, akaniweka kitini.

Bomba lilipokuwa limekaa sawa nikamwomba anitajie gharama. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

"Mama, hakuna gharama," alisema.

"Kazi ni kazi. Taja."

"Mimi nilizaliwa miguu kwanza. Huyu hapa alikesha na mama yangu mpaka nikatoka. Nimtoze nini?"

Akafunga begi lake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ili Nesi asisikie, "Juzi nilimsikia akiimba jikoni. Nilijua hajalala."

"Mbona hukusema?"

"Ningekubishia vipi, mama, na umri wako? Nilisema nitarudi siku nyingine."

Nilimwangalia Nesi. Alikuwa anatafuta vikombe vilivyo vizima.

Jumatano, 11 Machi

Siruhusiwi kukanyaga. Nesi amenifunga mguu, ananipindua na kunipangusa, anaimba. Nimeuliza mara mbili hali ya stoo. Anasema nilale.

Nimeshindwa kujaza safu ya chakula. Fundi cherehani ameleta maharage. Mkewe ameleta unga. Binti wa jirani ameleta mayai, zaidi ya yale aliyokula, nami nimeona haya kujua kwamba niliyahesabu. Msoma mita ameleta supu ya mama yake, na mama yake nyuma yake kuhakikisha naimaliza. Chumba changu hakijawahi kuwa na watu wengi hivi. Mtoto wa jirani aliwekwa kitandani pangu, akalala, akanikojolea mguu mzuri. Kitovu chake kimepona vizuri kabisa.

Mwenyekiti alikuja pia. Aliniletea gazeti la jana. Alisema kwake gharama za mwaka huu zimeshuka mno, kwa sababu tangu mkewe afariki hakuna mtu anayepita. Alisema yote hayo kwa pumzi moja. Nesi akamwekea chai. Alikunywa vikombe vitatu na hakuonekana mwenye haraka. Sikuangalia kopo. Naandika hili kwa sababu ni mara ya kwanza.

Ijumaa, 13 Machi

Mwanawe alipiga simu. Habari za mafuriko zilikuwa zimemfikia. Nesi aliongea naye ukumbini, mlango wangu ukiwa wazi kidogo. Nilisikia upande mmoja tu. Alisema anashukuru, mwanangu. Alisema hapana. Alisema kwamba huko kwake kuna lifti na mlinzi na maji ya moto, anajua. Kisha akasema:

"Dada yangu nimwache na nani? Na mimi huko nitakaa na nani? Wewe unarudi saa mbili usiku. Hapa nina dada, na saa kumi nina wageni."

Halafu akasema kwamba hata pesa ziishe, walishawahi kula mkate mkavu na hawakufa, na mkate ule dada yake aliupaka chumvi na kuukaanga ukawa mtamu sana.

Nilikuwa nimesahau kwamba niliukaanga. Niligeukia ukutani. Alipoingia nikajifanya nimelala, akanivutia shuka mpaka mabegani, kama nilivyokuwa nikimvutia yeye zamani. Nina bahati. Miaka yote hii nimekuwa nikihesabu kila kitu ndani ya nyumba hii isipokuwa huyo.

Jumanne, 31 Machi

Natembea. Nachechemea, lakini natembea.

Nimefunga hesabu za mwezi. Nimerudia mara mbili kwa sababu sikuamini. Pesa zimebaki. Si nyingi, lakini zimebaki, na mwezi umekwisha. Nimekaa nazo mezani nikiwa na furaha ya kutaka mtu wa kumkumbatia, nikamkumbatia Nesi, akauliza kama nina homa.

Kisha nikachukua kalamu nijue zimebaki vipi. Sukari iliyoliwa na wageni: kiasi fulani. Fundi bomba, kazi ya nusu siku: bure. Kufunga koki: bure. Unga, maharage, mayai, supu: bure. Nikapiga hesabu. Nikakaa wima.

Kijiko kimoja cha sukari kimerudisha mara arobaini. Hakuna benki inayotoa hivyo. Nesi ameifanya biashara hii maisha yake yote, bila mpango, akiwapa chai watu ovyo ovyo, hata Mwenyekiti ambaye hana ufundi wowote ila maoni. Fikiria ingesimamiwa na mtu wa fedha.

Nimemweleza. Nimesema kuanzia sasa tutachagua wageni kulingana na mahitaji ya nyumba. Waya za chumbani zinatoa cheche. Tunahitaji fundi umeme. Bati la nyuma linavuja. Jino langu la kulia linauma. Akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga.

"Sawa, dada," akasema.

Alhamisi, 2 Aprili

Uwekezaji umeanza. Asubuhi alipita mwanamume mwenye ngazi begani na waya mkononi. Nilimwita mwenyewe. Nilimwekea chai ya vijiko vitatu, mayai mawili na mkate wenye siagi pande zote mbili. Alikula vizuri sana. Nilimsifia ngazi. Nilimpitisha chumbani, nikamwonyesha ukuta, nikaguna.

Akakubali kwamba ukuta ni mzuri, ila dirisha liko uchi. Kumbe ni muuza mapazia. Waya ni ya kutundikia. Alipanda ngazi, akapima, akaeleza, na ana maneno laini mno. Alipoondoka nilikuwa nimenunua mapazia ya vyumba viwili.

Gharama nimeiandika kwenye safu ya umeme, kwa kuwa ndiyo iliyokusudiwa.

Sijakata tamaa. Kuna bwana mmoja mwenye miwani hupita hapa kila jioni na kisanduku cheusi. Namwona kabisa ni daktari wa meno. Nesi anasema kisanduku kile kina tarumbeta. Nimeshachemsha mayai.