Kiu ya Betri ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Gari la baba mkwe linawaka kwa kubembelezwa. Alhamisi mzee anapelekwa kutolewa mtoto wa jicho, miadi aliyoingoja miezi saba. Mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu, ni fundi umeme wa magari, na kila sifa ukweni ni yake. Safari hii nimemtangulia. Nimefungua vifuniko sita vya betri. Maji yameshuka. Ni kiu tu! Mzee ameuliza nilijifunzia wapi. Nimemwambia vingine mtu huzaliwa navyo.

Jumanne, 4 Juni
Dukani wanauza maji ya betri, eti yametolewa chumvi. Maji ni maji. Nimekinga ya bomba, nikajaza mpaka pomoni. Mke wangu amesema shemeji yake huacha nafasi kidogo juu. Nimemjibu uchoyo haufai. Nikaichomeka kwenye chaja.

Jumatano, 5 Juni
Betri imetapika. Tindikali imetiririka sakafuni, na suruali yangu ya heshima ina matobo matatu, moja mahali pasipotajika. Mama mkwe amegeuza uso na kusema leo kuna upepo. Pengo nimelijaza maji mengine. Hasara hakuna.

Alhamisi, 6 Juni
Saa moja asubuhi mzee alikuwa kwenye kiti cha mbele, koti limenyooshwa pasi. Nikazungusha ufunguo. Tik. Nikarudia. Hata tik haikuja. Mzee hakunikaripia. Alisema tu, "Mwanangu, nilitaka leo nikuone vizuri." Mwanyumba akaitwa, akaja na gari lake, wakawahi. Jioni alipima betri, akasema nguvu iko kwenye tindikali, nami niliimwaga, nikabakiza supu. Watu wakacheka. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Juni
Mzee amefunguliwa bandeji. Anaona mpaka sisimizi. Akanitazama kitambo, kisha akamuuliza binti yake kama ni huyu huyu aliyemwoa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetafakari kwa kina. Kosa nimeligundua, na ni dogo: maji yalikuwa mabichi. Sikuyachemsha. Jirani yetu mkunga ana gari linalowaka mara moja, ila leo nimechungulia betri yake alipoingia ndani: kiu ile ile. Masikini, hajui hatari iliyo mbele yake. Sufuria iko jikoni, inatokota.