Nukta Inaenda Wapi?

Jumatatu, 4 Machi
Mpimaji wa kiwanda chetu cha rangi anastaafu. Mwenye kazi hiyo hupewa chumba cha familia. Chenye mlango wake! Sisi wabebaji tunalala wanane chumba kimoja. Mke wangu mwaka wa pili huu ananiuliza atanifuata lini. Nimemwambia karibuni. Mtihani wa kumpata mpimaji mpya ni Ijumaa.

Jumanne, 5 Machi
Watu wa maabara hawaandiki namba kama binadamu. Wanaandika 4.50 × 10, halafu kijinamba kimepanda begani kwa kumi. Kijiko, mshindani wangu, amekubali kunifundisha nikimwachia kitanda cha chini. Nimemwachia. Anasema kijinamba kinaamuru nukta iruke mara ngapi. Iruke kwenda wapi? Kashasinzia. Kitandani kwangu!

Jumatano, 6 Machi
Leo tarakimu muhimu. Eti katika 0.0450 zilizo muhimu ni tatu: nne, tano na sifuri ya mwisho. Sifuri za mbele si kitu. Nikamuuliza zimekosa nini, wakati ndizo zilizowahi kufika. Akasema, "Kaka, usinipasue kichwa." Nimeelewa hata hivyo: wa mwisho ndiye muhimu. Kwenye foleni ya chai nimesimama mwisho kabisa.
Chai imeisha.

Alhamisi, 7 Machi
Mbinu! Kanuni nimeiandika kiganjani: kijinamba chenye alama ya kutoa, nukta kushoto, kisicho nayo, kulia. Kesho nachungulia tu. Nimempigia mke wangu aanze kufunga vyombo.

Ijumaa, 8 Machi
Jasho! Kiganjani limebaki neno moja: kulia. Msimamizi akanipa karatasi: rangi ya bluu, kilo 4.50 × 10⁻². Nukta nikaipeleka kulia mara mbili. Kilo 450. Nikabeba magunia tisa, pumzi juu juu. Kijiko akachota gramu 45, akaketi. Msimamizi akauliza kama nataka kupaka mji mzima.
"Kushoto, kaka! Kushoto!" Kijiko akapaza sauti.
Chumba kapata yeye.

Jumamosi, 9 Machi
Kijiko amehama. Angalau kitanda kimerudi. Nimemwomba msimamizi basi anipe likizo nikamwone mke wangu. Akacheka, akaniandikia: baada ya siku 3.0 × 10². Hapa sirudii kosa. Kushoto, mara mbili. Siku 0.030. Haifiki hata saa moja! Nimempigia mke wangu afungue vyombo, abandike maji ya kuoga. Niko langoni na begi. Mlinzi ananiuliza nasubiri nini.
Huyu naye hajasoma.