Nguzo za Msonobari Zilizokwenda Fundo

Jumatatu, 16 Februari 1959

Alhamdulillahi! Nguzo zangu zimefika Gando. Msonobari mtupu. Kuna ghala limevunjwa Wete, nami nilikuwa miongoni mwa wavunjaji, basi mwenyewe akaniambia nichukue mbao za paa badala ya ujira. Nyeupe, zimenyooka, nyepesi hata nimebeba mbili begani huku naimba. Msumari unaingia bila ugomvi. Mzee Shaame ameapa hanipi binti yake Mwanabaraka mpaka nyumba yangu isimame kabla ya Ramadhani. Itasimama! Wenzangu wakitaka nguzo huingia mikokoni kukata boriti, matope mpaka kiunoni. Pole zao.

Jumanne, 17 Februari

Kificho seremala amekuja kuzitazama. Hakuitwa. Amezigonga, amezinusa, amezikwaruza kwa ukucha. Akasema msonobari ni mti wa juu na pakavu: dari, milango, madirisha, hata kenchi za kubebea paa. Ukitiwa ardhini, mchwa wataumaliza kabla fungate haijesha. Husuda hiyo. Yeye naye alimposa Mwanabaraka, akakataliwa. Lakini neno lile limenikaa kifuani.

Alhamisi, 19 Februari

Nimegundua! Boriti hailiwi na mchwa kwa nini? Kwa sababu imekulia kwenye matope ya chumvi. Basi na msonobari uende matopeni ukajifunze. Bi Mize ana shimo lake pwani, hufukia makumbi ya nazi mpaka yaoze apate kusokota kamba. Nimeyasogeza makumbi kando, nimelaza nguzo zangu, nimefukia, juu nimepanga mawe yake mwenyewe. Hana habari. Mungu ambariki kwa shimo zuri.

Jumanne, 24 Februari

Bi Mize ana habari. Amekuja mpaka barazani kwa Mzee Shaame, nami nimekaa hapo kwa adabu zote.

"Weye Jaribu," akasema, "mawe yangu nishayatwaa. Miti yako usije ukaniuliza."

Mzee Shaame akauliza miti gani. Nikajibu ni mambo ya pwani tu. Nyuma ya mlango Mwanabaraka alicheka. Nimeshukuru angalau nimeisikia sauti yake.

Jumatano, 25 Februari

Bamvua! Maji yamejaa kupita kiasi. Yalipotoka nikaenda na jembe, nikakuta shimo tupu. Mawe hakuna, basi msonobari umeelea ukaenda zake. Na wepesi wake niliusifu mwenyewe! Nimekaa matopeni nikalia, wala sioni haya kuandika. Ramadhani hiyo inakuja, na mimi sina hata kijiti. Mwanabaraka ataolewa na mwingine.

Jumamosi, 28 Februari

Wavuvi wa kisiwa cha Fundo wamezileta! Wamezikokota nyuma ya mtumbwi, zinanuka makumbi. Kumbe Bi Mize ndiye aliyewapelekea habari, huku bado amenikasirikia. Wavuvi hawakutaka kitu ila madafu. Nimekwenda kumshukuru bibi yule, hakuniitikia salamu mpaka nilipoyarudisha makumbi yake mahali pake na kuyafukia vizuri. Ndipo akaniambia niende kwa Kificho, keshasema naye. Nimekwenda, shingo upande.

Alhamisi, 5 Machi

Nyumba imesimama! Chini boriti za mkoko, wamenikatia vijana wa mtaani na hakuna aliyenidai hata kahawa. Juu kenchi za msonobari. Milango ya msonobari pia, Kificho ameipiga randa mpaka unatamani kuilalia. Siku zote hizi hakusema hata mara moja kwamba alinionya. Hilo limeniliza kuliko bamvua. Leo watu wamekuja kukandika, wanawake maji, wanaume udongo, na Bi Mize amepika muhogo na pweza. Mzee Shaame akaisukuma nyumba kwa bega. Haikutikisika.

"Kesho," akasema, "baada ya swala ya Ijumaa."

Kwa furaha nimekula muhogo wa watu wawili.

Jumatatu, 16 Machi

Nimeoa, na ninafuturu kwa mkono wa Mwanabaraka. Ninawashukuru wote: Bi Mize, watu wa Fundo, hata Kificho, ingawa kwa kweli akili ilikuwa yangu. Nguzo mbili za msonobari zilibaki, nikazichimbia jikoni bila kumwambia mtu. Zimeshakaa matopeni, zimeshajifunza.

Leo Mwanabaraka ameniita nione. Kuna mstari wa udongo umepanda kutoka chini mpaka nusu ya nguzo, mwembamba, umekandikwa vizuri ajabu. Anadai ndani yake mna kitu kinatembea. Nimemwambia ashukuru Mungu, nyumba nyingine hukandikwa na watu, yetu inajikandika yenyewe. Kificho hana ujuzi huo. Baada ya Idi naanza banda la mbuzi, msonobari chini mpaka juu.