Chuchu ya Chupa Kwenye Bomba la Samaki

Jumatatu, 4 Machi
Mwanangu katoka kunyonya kidole chake cha mguu, kakiona kitamu, kaninyooshea na mimi nionje. Nimeonja. Hapo hapo umeme ukakatika. Pampu inayopandisha maji ya chumvi kutoka beseni la kabatini chini hadi tangi la samaki juu yake ikazima, na maji yakarudi kwa bomba lile lile yalilopandia. Beseni likafurika. Wifi, anayeililia kona hiyo ya tangi aweke cherehani yake, akauliza kama watoto wanaogelea kwa nusu bei. Nikamwambia yeye aingie bure. Jumamosi daktari wa meno anakuja kulitazama tangi. Likimpendeza, nitamtengenezea la wagonjwa wake. Kazi ya kwanza tangu nizae. Akilowa, basi tena.

Jumanne, 5 Machi
Fundi bomba kaja. Anasema mdomo wa bomba umezama mno, pampu ikizima unafyonza maji. Nitoboe kitundu chini kidogo ya uso wa maji: maji yakishuka, kitundu kinavuta hewa, mfyonzo unakatika. Kaniachia na keekee ya kutobolea. Eti bomba litobolewe ndipo sebule isilowe. Nimemshukuru sana. Keekee inazuia mlango vizuri.

Alhamisi, 7 Machi
Nampa mtoto chupa, akili ikafunguka. Maziwa hutoka kwenye chuchu, hayarudi. Nimechukua chuchu kuukuu, nikaipasua mpasuo mmoja, nikauvisha mdomo wa bomba. Nimezima pampu. Sakafu kavu. Mama mkwe kasema mkamwana wake ana akili ya kuzaliwa. Wifi kasema ndiyo maana haijakua. Wivu huo, utamtoa vipele.

Jumamosi, 9 Machi
Daktari kaja na viatu vya ngozi. Nimezima pampu kwa kidole kimoja, kwa madaha. Kumbe konokono msafisha kioo kajipachika kwenye mpasuo, kauacha wazi. Maji hayo. Daktari kapandisha miguu kwenye kiti, kauliza kwani bomba halina kitundu. Hata yeye. Kasema nikitoboa, kesho atarudi, kazi bado ni yangu. Mtu mwema, Mungu ampe maisha marefu.

Jumapili, 10 Machi
Kosa nimelijua: chuchu moja ilikuwa chache. Nimevisha ya pili juu yake. Nimezima pampu nijaribu, naandika chumbani huku nasubiri. Kimya kitupu. Mama mkwe ananiita sebuleni, mara ya pili sasa, na wifi naye. Bila shaka wanataka kunipongeza kabla daktari hajafika, ngoja nimalizie kuandika tu kwamba hiyo keekee nitamrudishia fundi, mbona miguu yangu imelowa