Mkaguzi Apata Choo

Jumatatu, 3 Machi

Mkaguzi amepata choo. Saa mbili na robo asubuhi, kwenye poti, laini, bila chozi. Muda nimeuandika kamili, maana mimi ni fundi saa.

Mkaguzi ni binti yangu. Ana miaka miwili na miezi minane. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna droo humu ndani ambayo hajaifungua. Tangu aache nepi alikuwa anakaa siku tano, sita, bila kwenda haja. Anajificha nyuma ya pazia, anasimama kwa ncha za vidole, amebana miguu, jasho linamtoka, ukimuuliza anasema hafanyi kitu. Kinachotoka mwishowe ni mawe, pamoja na kilio cha kusikika mpaka kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Wiki tatu zilizopita muuguzi wa kliniki alitupa unga wa kulainisha choo: pakiti mbili kwenye kikombe kimoja cha maji, kila asubuhi, bila kuruka. Kazi hiyo ni yangu, hata Jumapili. Mke wangu ni karani, anatoka mapema. Mimi meza yangu iko sebuleni, dirishani.

Namshukuru muuguzi. Namshukuru mke wangu. Namshukuru aliyebuni poti. Namshukuru na mama mkwe, aliyekuja kutusaidia mwezi huu, ingawa alipoonyeshwa matokeo alisema tu, haya, tuone kesho. Kisha akarudia msimamo wake: mtoto akikwama tena, anaondoka naye, akakae kwake mpaka afike umri wa shule. Kwake ni safari ya siku nzima. Nilimtazama mke wangu ili akatae. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

Jumanne, 4 Machi

Nimelifikiria jambo hili kitaalamu. Saa inaletwa imesimama. Unaifungua, unaisafisha, unatia tone la mafuta. Inaanza kutembea. Unafunga kifuniko, basi. Anayeendelea kutia mafuta kwenye saa inayotembea anaiua kwa mkono wake, maana mafuta yakizidi yanakusanya vumbi. Nimeziona nyingi za namna hiyo. Mtoto wangu jana alitembea. Kwa nini niendelee kumtia mafuta?

Tatizo ni karani. Kila jioni anahesabu pakiti tupu kwenye kopo. Kwa hiyo pakiti lazima zifunguliwe, na dawa lazima ichanganywe. Ikishachanganywa, lazima iende mahali. Kuimwaga ni kukosa shukrani. Nikainywa mwenyewe. Ladha ni kama ya maji yaliyolala karibu na limau.

Mkaguzi nikampa maji matupu kwenye kikombe chake. Akakikagua kikombe, akaninusa mdomo, akanyamaza. Namshukuru kwa hilo.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi bado. Sina wasiwasi. Mashine inapumzika.

Mimi, mara tatu leo. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alifuata saa yake ya ukutani akasubiri dirishani mpaka akachoka. Niliporudi akaniuliza, fundi, mezani unakaa saa ngapi siku hizi, nipange safari yangu. Nikamwomba radhi. Nikamwomba radhi tena baada ya dakika kumi, nikiwa nimesimama tayari kuondoka.

Jioni mke wangu akaomba kadi. Nimemfungulia Mkaguzi kadi kama ya wateja: tarehe, hali, kazi iliyofanyika. Nilikuwa nimeandika "yuko chini ya uangalizi". Akaisoma, akahesabu pakiti, akaridhika. Ninaye mke anayeniamini. Si kila fundi anaye.

Jumapili, 9 Machi

Ushindi, ingawa wa kusikitisha. Chupi tatu zimechafuka tangu asubuhi. Majimaji tu. Mtoto anaharisha! Tena bila dawa. Fikiria kama ningeendelea kumpa.

Nilimweleza mke wangu kwa unyenyekevu. Akaniuliza anaharisha nini, wakati tangu jana amekula vijiko viwili akasukuma sahani. Nikasema tumbo la mtoto lina siri zake. Mama mkwe akasogea. Aliweka kiganja juu ya tumbo la mjukuu wake, akakiacha hapo muda mrefu, huku akinitazama mimi kama mlinzi aliyekutwa amelala.

Jumatatu, 10 Machi

Yuko nyuma ya pazia. Ncha za vidole. Miguu amebana. Tumbo limekaza kama ubao. Nilipochungulia akaniambia, kwa sauti ndogo, baba toka.

Nikakaa chini upande wa pili wa pazia. Miguu yake tu ndiyo niliyoiona, vidole vimejikunja. Nikawaza kwamba mtu mdogo kiasi hiki hapaswi kuwa na siri kubwa kiasi hiki. Nilitaka kukaa naye mpaka iishe. Sikuweza. Dawa yake iliniita.

Nilipotoka chooni mama mkwe alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Akaniambia ana swali dogo tu. Tangu Jumanne, humu ndani anayekwenda si yule tunayemwombea aende. Sasa mkwe wangu, mgonjwa ni nani? Nikasema labda pilipili. Akasema tangu afike hajaona pilipili jikoni mwetu. Akachukua kikombe cha Mkaguzi, akaonja kilichobaki. Maji. Hakugomba. Alikwenda kabatini akaanza kutoa nguo za mtoto, moja moja, akizikunja ndogondogo ili zienee kwenye mfuko wake.

Mke wangu aliporudi nilimwambia yote mimi mwenyewe. Si ushujaa. Nilitaka kufika kabla ya mama yake. Akasikiliza akiwa bado ameshika mkoba. Kisha akamimina pakiti za wiki mezani kwangu, katikati ya skrubu na magurudumu, akahesabu. Kumi na nne, akasema. Mume wangu, umekunywa kumi na nne.

Akaenda kukaa nyuma ya pazia na mwanawe. Hakunikaribisha.

Jumanne, 11 Machi

Kliniki, wote wanne. Muuguzi akambonyeza Mkaguzi tumbo taratibu, akauliza maswali, akatuchorea utumbo nyuma ya bahasha. Yale majimaji si kuharisha. Choo kigumu kimeziba njia, na kilicho laini kinapenya pembeni na kuvuja bila mtoto mwenyewe kujua. Utumbo umetanuka, unataka miezi kurudi hali yake. Na mtoto naye anataka miezi kusahau kwamba iliuma. Kwa hiyo dawa haiachwi siku choo kinapokuwa kizuri. Siku hiyo ndiyo kazi inaanza.

Nikaona nimweleze kuhusu saa na mafuta. Akanisikiliza mpaka mwisho, namshukuru. Kisha akasema, baba, saa haiogopi.

Nikaliandika hilo nyuma ya kadi ya Mkaguzi.

Akauliza dawa ya wiki nzima ilikwenda wapi. Mke wangu akanionyesha kwa kidevu. Muuguzi akageukia ukutani kusoma bango la chanjo, mabega yakimcheza. Alipogeuka akaniuliza, kwa sura ya kazi kabisa, kama mimi napata choo vizuri.

Maagizo: dozi kubwa kwa siku chache, kwa kipimo alichotuandikia, mpaka njia ifunguke. Baadaye tunarudi kwenye pakiti mbili, na tusibadili kitu chochote kabla ya kumuuliza yeye. Baada ya kila mlo mtoto akae kwenye poti dakika tano, miguu ikanyage kitu imara, asigombezwe, asilazimishwe.

Mama mkwe akauliza waziwazi: huyu mtoto abaki, au niende naye? Muuguzi akasema hayo ni ya familia. Yeye anachojua ni kwamba mtoto anahitaji poti ileile, wakati uleule, mtu yuleyule. Mama mkwe akauliza, hata kama mtu mwenyewe ndiye huyu? Muuguzi akasema hata huyu, ilimradi asinywe.

Nimepewa mpaka Ijumaa. Basi la mama mkwe ni saa tano.

Ijumaa, 14 Machi

Jumatano na Alhamisi sikuandika. Nilikuwa nafua. Yatosha.

Leo, baada ya uji, Mkaguzi akakaa kwenye poti, miguu juu ya sanduku langu la vipuri. Mimi chini sakafuni. Nikampa saa moja ya mkono iliyokufa zamani, aikague. Akaiweka sikioni, akaniambia imelala. Nikasema tusiiamshe. Dakika ya tatu akanyamaza, akakaza uso, na mimi nikakaza wangu. Sikusema neno. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwenye sanduku lile.

Akasimama, akachungulia. Akatoa taarifa: imetoka, haijauma.

Jikoni sufuria ikaacha kusuguliwa. Mama mkwe akaja, akachungulia naye, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akaenda kwenye mfuko wake, akatoa zile nguo ndogo, akanikabidhi zote. Zipange, mkwe, kabati unalijua.

Mlangoni akaniambia nisijidanganye: mtoto hakumwacha kwangu, amemwacha kwa ile dawa, na mimi ni mkono tu wa kuishika. Nikamshukuru. Kwa dhati. Nilimbebea mfuko mpaka kituoni, mwepesi, na Mkaguzi mabegani kwangu akimpungia bibi yake mpaka basi likapinda.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya tano mfululizo. Laini. Mara mbili alijiitia poti mwenyewe. Pakiti mbili kila asubuhi, na mke wangu amerudi kucheka, ingawa hucheka zaidi akinitazama nikichanganya.

Nina mengi ya kushukuru. Mtoto yupo, anafungua droo. Mke yupo. Mama mkwe alipiga simu, akaulizia choo kwanza, kisha afya yangu. Zaidi ya wote namshukuru muuguzi. Nimelala na maneno yake siku zote hizi: tusibadili kitu kabla ya kumuuliza. Nimeyaelewa vizuri kabisa.

Ndiyo maana nitamuuliza. Miadi yetu ni Ijumaa. Kesho naanza na pakiti moja na nusu, ili nikifika kwake swali langu liwe tayari lina jibu. Ana foleni ndefu, yule dada. Kumpunguzia kazi ndiyo shukrani pekee ninayoweza kumpa.